Sahani ya Bi Somoe na Pinduo Lake

Hapo zamani, na msidhani zamani hiyo nimehadithiwa na bibi, nilikuwepo mwenyewe kwa macho yangu haya mawili na la tatu nililoazima kwa jirani. Nilikaa barazani kwa Sultani Mwinyimvua wa mji wa Tumbajuu, karibu naye hata alipopiga chafya mimi ndiye niliyelowa. Anayetaka kunibishia na anibishie, ila kwanza aseme yeye siku hiyo alikuwa wapi.

Basi katika mji ule alikuwako mjane mmoja, Bi Somoe, msuka mikeka, maskini wa kutupwa. Umaskini wake ulikuwa mkubwa hata panya wa nyumbani kwake walihama wakaenda kwa jirani, na walipokuwa wanaondoka walimwachia pole. Vitu alivyokuwa navyo vya kujivunia ni viwili tu. Cha kwanza ulimi, na ulimi huo ungeweza kumnyoa simba bila maji. Cha pili kiwanja, kidogo hivi, chenye kibanda cha udongo kilichoshikana ukuta na jumba la Sultani. Kiwanja hicho aliachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na mama yake, na kitovu cha Bi Somoe kilizikwa pale pale nyuma ya jiko.

Mtauliza, maskini huyo alikuwa anakula nini? Alikula sahani. Maana Tumbajuu, kama kwenu na kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Bi Somoe akichuma mchicha wake uani, anaupika, anaufunika kwa kawa, anampelekea Bi Riziki wa nyumba ya pili. Bi Riziki naye akipika wali, anakumbuka ile sahani iko kwake, anaiosha, anaipakulia wali, anairudisha. Kesho samaki, keshokutwa muhogo. Sahani zilikuwa zinatembea mitaani kuliko watu. Mimi nimewahi kuiona sahani moja imezunguka mji mzima, ilipofika kwa mwenyewe hakuijua, akaikaribisha kama mgeni.

Ikawa mji unaishi hivyo, mpaka alipokuja Mwalimu Shineni.

Mwalimu Shineni alitoka mbali, huko wanakosoma mpaka macho yanaingia ndani. Hakuwa mtu mbaya, tena mpole, ila elimu ilikuwa imemjaa ikawa inamwagika kila anapoinama. Sultani Mwinyimvua akamwita barazani, akamwambia, "Mwalimu, nifundishe jambo moja tu, lakini liwe ndilo linaloshika dunia. Mengi yananipa usingizi."

Mwalimu akasema, "Maulana, dunia yote imeshikwa na kurudishiana. Sukuma ukuta, nao ukuta unakusukuma."

Sultani akainuka, akausukuma ukuta kwa nguvu za kifalme, akaanguka kitako. Baraza zima tukatazama dari.

"Kweli unarudisha," akasema Sultani toka chini. "Endelea."

"Weka jiwe la mizani huku na sukari kule, maulana. Watu husema jiwe linapima sukari, kumbe na sukari inalipima jiwe. Ukimwona mtu dirishani, na yeye anakuona. Mtu akisema hodi, anajibiwa karibu. Nchi ya jirani ikiwapitisha wasafiri wetu bila kuwapekua, na sisi tunawapitisha wa kwao bila kuwapekua. Hata namba zina marudio yake. Ichukue kumi, ipindue miguu juu kichwa chini, inakuwa sehemu moja ya kumi. Kumi na pinduo lake ukivizidisha, vinarudi kuwa kitu kimoja kamili. Hayo ndiyo marudio mazuri kuliko yote."

Hapo Sultani, aliyekuwa bahili wa kuhesabu nzi waliotua kwenye asali yake asije mmoja akaondoka na miguu mitamu, macho yakamtoka.

"Ngoja kwanza. Sehemu moja ya kumi, pinduo lake nini?"

"Kumi, maulana."

"Basi nikimpelekea mtu sehemu moja ya kumi ya mlo, haki yake anirudishie milo kumi?"

Mwalimu akasema, "Maulana, mimi nilikuwa nazungumza habari za namba."

"Na wali hauhesabiwi? Nikitoa sehemu moja ya mia?"

"Mia, maulana, lakini..."

"Lakini ikae huko nje na viatu. Tarishi! Piga mbiu!"

Mbiu ya mgambo ikalia, na mnajua ikilia kuna jambo. Tarishi wa Sultani, jina lake Sululu, mtu mrefu hata mvua ikinyesha yeye analowa mapema, akazunguka mji akitangaza: "Sahani yoyote, itokayo kwa mtu yeyote, iendayo kwa mtu yeyote katika mji huu, itarudi na pinduo lake! Asiyeweza kurudisha, atatoa anapolala! Hiyo ndiyo haki, na haki haichagui mtu!"

Maneno hayo ya mwisho Sultani aliyatia kwa ajili ya uzuri tu. Alijua vizuri kwamba tangu mji kuumbwa hapajatokea mtu wa kuanza kumpelekea Sultani sahani. Mkubwa ndiye anayeanza, mdogo anarudisha. Hivyo ndivyo walivyolelewa, na hakuna aliyewahi kuuliza ni nani aliyesema.

Basi sahani za kaure zikaanza kutoka jumbani. Ngwali mwoka mikate akaletewa chembe ya ufuta. Akaoka mikate siku nyingi mpaka tanuri likaomba ruhusa. Mvuvi mmoja akaletewa mwiba wa dagaa. Akavua mpaka samaki wakawa wanajificha nchi kavu. Na wenyewe kwa wenyewe nako kukaharibika. Mtu akipeleka kisahani cha maandazi kwa shemeji yake, shemeji anafunga mlango, anapiga kelele ndani, "Rudi nacho! Mimi sina la kupindua!" Hakuna tena aliyemwamini mwenye kawa mkononi. Ikawa sahani zimekaa kabatini, na njia za Tumbajuu kimya.

Bi Somoe akawa anakula mchicha asubuhi, mchicha mchana, na jioni anaukumbuka mchicha. Akakonda hata akisimama kiubavu, unamtafuta humwoni.

Haukupita muda, hodi ikapigwa. Ni Sululu, ameinama ili kichwa kiingie, mkononi sahani ya kaure yenye maua ya bluu, juu yake kawa la uzi wa dhahabu.

"Bi Somoe, Sultani anakusalimu, amekukumbuka."

"Mimi nilikuwa namwomba Mungu anisahaulishe kwake, kumbe dua zangu hazijafika. Weka hapo, Sululu. Umetoka nayo mbali, nzito?"

"Nzito kwa heshima, bibi."

Bi Somoe akafunua kawa. Akainama. Akainama tena. Akamwita Bi Riziki wa nyumba ya pili aje na macho yake.

"Sululu, mwanangu, njiani hukujikwaa?"

"Sikujikwaa."

"Basi chakula kiko wapi?"

Sululu akanyoosha kidole. Katikati ya maua ya bluu palikuwa na punje moja ya wali, tena chenga, imevunjika kichwa. Ndogo hata sisimizi aliyepita aliitazama akaona haya, akaendelea na safari.

"Mwalimu ameikadiria," akasema Sululu akitazama vidole vya miguu yake. "Ni sehemu moja ya elfu ya mlo. Kwa hiyo unatakiwa kurudisha milo elfu, Ijumaa baada ya sala. Ukishindwa, unatoa unapolala. Sultani ameletewa mbuni wawili, anataka kuwajengea banda hapa."

"Mbuni!" Bi Riziki akapiga mikono kichwani. "Somoe shoga yangu, umekwisha! Ndege watalala kitovu chako kilipolala!"

Bi Somoe akageuka. Alikitazama kile kibanda, ukuta ule ambao mama yake aliukandika kwa mikono na alama za vidole bado zinaonekana. Akashika shavu. Na mimi nawaambieni, mara moja hiyo, na mara hiyo peke yake, ulimi wake ulikaa kimya, hata Sululu akaogopa akadhani amekufa.

Kisha akauliza polepole, "Sululu. Ile mbiu ulisema sahani yoyote?"

"Yoyote."

"Ya mtu yeyote?"

"Yeyote, bibi. Nililisema neno hilo mpaka koo likaota sugu."

"Nenda zako, mwanangu. Mwambie Sultani nimeipokea. Na wewe ukiwa na njaa usije kwangu, usije ukajikuta umekula mbavu zangu."

Sululu alipoondoka, Bi Somoe akaichukua ile punje, akaitia mdomoni, akaitafuna kwa adabu, akasema alhamdulillahi.

"Umekula ushahidi!" akapiga kelele Bi Riziki.

"Nimekula chakula. Kimeletwa kiliwe. Haya, nisaidie kushusha sinia la mama. Kesho napeleka sahani kwa jirani."

"Jirani yupi, wewe? Watu wote wamefunga milango!"

"Yule ambaye ukuta wake umeshikana na wangu. Tumekaa naye miaka yote hiyo, sijampelekea hata ukoko. Vibaya hivyo, Riziki. Mama asingependa."

Bi Riziki akamgusa paji la uso kuangalia homa.

Kesho yake, na Ijumaa bado haijafika, baraza lilikuwa limejaa. Sultani juu ya kiti, Mwalimu Shineni kulia, mimi kushoto kidogo nimebanwa na nguzo. Mara tukasikia mlio njiani, "Haya! Haya! Polepole! Itatuua hii!" Wakaingia wapagazi wanne, vijana wenye misuli kama magimbi, wamebeba sinia kubwa la shaba, juu yake kawa la ukindu pana kama paa la nyumba. Jasho linawatiririka, magoti yanagongana, mmoja anamwita mama yake. Nyuma yao Bi Somoe kajitanda kanga, anatembea kama bibi harusi.

Wakalitua chini, ardhi ikatetemeka, na nazi tatu zikaanguka huko Unguja.

"Shikamoo, maulana."

"Marahaba, Bi Somoe," akasema Sultani, pua zake zinacheza. "Umewahi. Ni ile milo elfu?"

"La, maulana. Sahani yako iko nyumbani, siku yake haijafika. Hii ni yangu. Mimi ndiye ninayeanza. Nimekuletea, jirani yangu."

Baraza tukaguna. Kuanza! Mzee mmoja akadondosha bakora. Nami nikaziona hesabu zinapita usoni mwa Sultani kama watu wanaokwenda sokoni. Sinia kubwa, watu wanne, wanahema. Hapo haikosi milo mia. Milo mia pinduo lake sehemu moja ya mia. Atakula ashibe na jumba lake zima, kisha arudishe kijiko cha mchuzi! Akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Nimeipokea," akasema kwa sauti kubwa. "Nimeipokea na nimeridhia, na baraza hili shahidi. Asije mtu akasema Sultani anakataa sahani ya mjane."

"Ahsante, maulana. Na itarudi kwa sheria yako?"

"Itarudi kwa sheria yangu, kwa pinduo lake hasa, bila kupungua. Funua!"

Wapagazi wakaliinua kawa.

Shaba ilikuwa inameta. Ndani ya sinia hamkuwa na kitu, hata alama ya mafuta. Nzi mmoja alitua, akatembea kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi katikati, akakaa akafikiri.

Sultani akainuka, uso umekuwa zambarau. "We mwanamke! Umeniletea sinia tupu?"

"Maulana, nimekupakulia kilichokuwamo jikoni mwangu. Chote. Naapa sikujibakishia hata kidogo."

Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa, akapata kikohozi kweli, na anacho mpaka leo.

"Na hawa? Walikuwa wanahema nini?"

"Hawa wana njaa, maulana. Tangu sheria yako itoke hakuna anayewapelekea sahani. Mtu mwenye njaa hata kawa linamlemea."

Sultani akageuka. "Mwalimu! Pindua hii haraka, tumalize!"

Mwalimu Shineni akasogea, akalitazama sinia, akaanza kwa vidole. "Nusu ya mlo, unarudisha milo miwili. Sehemu ya kumi, kumi. Punje moja, elfu. Nusu ya punje, elfu mbili. Vumbi la punje..." Midomo ikawa inakwenda, sauti haitoki. Kilemba kikamlegea.

"Sema!"

"Maulana, kadiri kinachotolewa kinavyopungua, kinachorudi kinakua. Na hapa kimepungua mpaka kimekwisha. Ghala lako halitoshi. Mji hautoshi. Nikisema tupike wali kujaza bahari, nitakuwa nimekupunja hesabu, maana hata hapo tutakuwa hatujaanza."

"Basi sawa!" Sultani akapata akili ya haraka, maana mbahili akibanwa huwa na akili ya mwizi. "Pinduo la kitu kisichokuwepo ni kitu kisichokuwepo. Mrudishie sinia lake kama lilivyo!"

Mwalimu akatikisa kichwa, maana elimu ilikuwa inamsukuma kwa nyuma. "Haiwezekani, maulana. Namba na pinduo lake vikizidishwa lazima vitoe kimoja. Hakuna mara hakuna ni hakuna. Sheria yako hapa haina njia ya kutoka."

Bi Somoe akapiga goti, sauti yake laini kama tui la kwanza. "Mimi sikusoma, maulana, sitaki kumbishia mwalimu wala wewe. Ukitaka kunirudishia sinia langu tupu, nirudishie. Nitapita nalo sokoni, nitapita nalo msikitini, hivi, wazi, bila kawa. Watu wakiniuliza umetoka wapi, nitasema kwa jirani yangu. Basi, sitaongeza neno."

Kwa mtu wa Tumbajuu ni afadhali aitwe mwizi kuliko kuambiwa amerudisha sahani tupu kwa mjane. Mwizi huchekwa yeye peke yake, mrudisha sahani tupu huchekwa yeye mpaka wajukuu zake. Sultani akatazama kulia, watu wanatazama sinia. Akatazama kushoto, akaniona mimi, nikatazama sinia.

Akakaa. Akasema kwa sauti ya mtu wa kawaida, "Sasa nifanyeje, Bi Somoe?"

"Mama yangu, maulana, alikuwa anarudisha alichonacho. Akiwa na wali anarudisha wali. Akiwa na ndimu mbili anarudisha ndimu mbili. Akiwa hana, anaiosha sahani, anaipeleka mwenyewe kwa mikono miwili, anakaa, anauliza habari za watoto. Hakuna aliyempimia. Wewe umeipima sahani, na sasa sahani imekupima."

Sultani akamwangalia. Kisha bega likaanza kumcheza, tumbo likafuata, akacheka. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, akacheka mpaka mbuni wawili huko nyuma wakakata kamba. Akasema, "Sululu! Kapige mbiu, sheria ya pinduo imekufa na imezikwa! Wapishi, jazeni sinia hili wali wa nazi na mbuzi mzima, na wapagazi washibe kwanza, walibebe kwa haki. Na kiwanja cha Bi Somoe, mtu atakayekitaja tena atalala yeye na mbuni." Halafu akainama kidogo. "Na ile punje yangu, bibi, ulifanyaje?"

"Niliila, maulana. Ilikuwa haijaiva katikati."

Jioni hiyo sahani zilitoka makabatini Tumbajuu nzima, na zilikuwa nyingi njiani hata watu walipita ukutani kuzipisha. Bi Somoe mwenyewe aliiosha sahani ya kaure, akaipakulia mchicha, akamrudishia Sultani, akakaa, akamwuliza habari za watoto.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, na yote ni kweli tupu, nazi za Unguja zikiwemo. Kitu kimoja tu nimekitia kwa mkono wangu, nacho ni kile kicheko. Sultani Mwinyimvua hakucheka. Alikaa pale ameinamisha kichwa kwa muda mrefu, akatoa amri zile kwa sauti ndogo, akaingia ndani peke yake. Lakini mimi nilionaje? Mtu ameshindwa mbele ya watu wote, amekubali, amerudisha. Nikamtilia kicheko, asiondoke mikono mitupu.